Mwanga Unaokata Bila Kupasua: Leza, Fuwele na Jicho la Mgonjwa

Mzee mmoja mshonaji nguo aliketi mbele yangu kliniki, kofia ameipakata mapajani. Miaka miwili nyuma alikuwa amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho katika jicho la kulia na kuwekewa lenzi bandia, akarudi kwenye cherehani yake akitunga uzi kwenye sindano bila kumwita mjukuu. Sasa ukungu ulikuwa umerejea. Baada ya salamu alinieleza kilichomleta: "Daktari, mwanangu, mtoto wa jicho amerudi. Majirani wanasema upasuaji haukushika, na mimi sina nguvu ya kupasuliwa tena." Alikuwa ameishi na ukungu huo kwa miezi minane. Wateja wake wa zamani walikuwa wamekwisha kuhamia kwa mafundi wengine.

Nilimpima kwa darubini ya macho. Hakuwa na mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho akishaondolewa hawezi kurudi, kwa sababu lenzi ya asili iliyokuwa imeingia ukungu haimo tena ndani ya jicho. Hubaki kifuko chembamba kilichokuwa kimeifunika lenzi hiyo, nacho ndicho kinachoshikilia lenzi bandia. Chembe hai chache zilizosalia katika kifuko huweza kuota tena na kutambaa juu ya ukuta wake wa nyuma, hata ukuta huo ukafifia kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Hali hii hutokea baada ya miezi au miaka, hata pale upasuaji ulipofanyika vizuri kabisa. Tiba yake ni kufungua dirisha dogo katikati ya ukuta huo kwa mwanga wa leza. Kazi huchukua dakika chache. Hakuna kisu, hakuna kushonwa, hakuna kulazwa.

Nilipomweleza hayo, alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama fundi anayeijua kazi ya mkasi: "Mwanga huo utaingia kwa mbele. Utapita kwenye kioo cha jicho, utapita kwenye hiyo lenzi mliyoniwekea, ndipo uufikie huo utando wa nyuma. Mbona usikate vya mbele kwanza?"

Ni swali zuri kuliko mengi ninayoulizwa darasani. Kulijibu kwa haki kunatupeleka kwenye tawi la fizikia linalochunguza namna maada inavyobadili tabia inapopigwa na mwanga mkali mno. Wanafizikia huliita optiki isiyo ya mstari. Jina ni gumu, lakini wazo lake linaweza kueleweka na yeyote aliyewahi kusikiliza redio.

Kanuni ya mwanga wa kila siku

Mwanga wa jua, wa taa au wa mshumaa ukipita katika kioo, maji au konea, hufuata kanuni tulivu. Rangi iliyoingia ndiyo inayotoka. Kitu kikipitisha nusu ya mwanga wa taa moja, kitapitisha nusu ya mwanga wa taa kumi. Ukiongeza mwanga maradufu, matokeo nayo huongezeka maradufu. Ukichora uhusiano huo kwenye karatasi ya grafu utapata mstari ulionyooka, na hapo ndipo neno "mstari" lilipotoka. Ni kanuni ya haba na haba hujaza kibaba: kila chembe ya mwanga hutenda kazi yake peke yake, bila kujali jirani yake.

Matibabu ya kwanza ya macho kwa mwanga yalikuwa ndani ya kanuni hii. Mwishoni mwa miaka ya 1940 daktari Mjerumani, Gerd Meyer-Schwickerath, alielekeza mwanga wa jua ndani ya jicho ili kuunguza kingo za retina iliyotoboka na kuizuia isiachie. Baadaye taa za gesi ya zenoni zilichukua nafasi ya jua. Kilichofanya kazi ni joto. Mwanga ulipita sehemu angavu bila kuzidhuru, ukanyonywa na rangi nyeusi iliyo chini ya retina, ukaunguza hapo. Kwa utando wa mzee wetu njia hiyo isingefaa, kwa kuwa utando ule hauna rangi ya kunyonya mwanga na kuugeuza kuwa joto.

Tarehe 16 Mei 1960, huko California, Marekani, Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza, iliyotumia fimbo ya rubi na kutoa mwanga mwekundu. Kwa mara ya kwanza wanasayansi walipata mwanga ambao mawimbi yake yote huenda kwa hatua moja, na ambao unaweza kukusanywa katika nukta ndogo sana. Haukupita mwaka mmoja na nusu kabla ya kanuni ya mstari kuvunjwa.

Nukta iliyofutwa

Chukua redio ndogo yenye spika dhaifu. Ukiifungua kwa sauti ya kiasi, wimbo husikika kama ulivyopigwa. Ukizungusha kitufe hadi mwisho, spika hushindwa kufuata wimbo kwa uaminifu. Hukwaruza, na katika mkwaruzo huo mna sauti nyembamba ambazo mwimbaji hakuziimba. Spika imesukumwa kupita uwezo wake wa kuitikia sawasawa, nayo imezaa sauti mpya.

Elektroni zilizomo ndani ya fuwele huitikia mwanga kwa namna inayofanana na hiyo. Mwanga hafifu huzitikisa taratibu, nazo hurudisha mtikisiko uleule. Mwanga mkali mno huzisukuma mbali kiasi kwamba mwitikio wake hupinda. Katika aina fulani za fuwele, upindaji huo huzaa mwanga mpya wenye mtikisiko wa kasi maradufu, yaani wenye urefu wa wimbi ulio nusu ya ule wa kwanza.

Mwaka 1961 Peter Franken na wenzake katika Chuo Kikuu cha Michigan walipitisha mwanga mwekundu wa leza ya rubi, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 694, katika kipande cha fuwele ya kwazi. Kwenye bamba la picha waliona doa kubwa la mwanga mwekundu na, kando yake, nukta hafifu mno ya nanomita 347, katika eneo la miale ya urujuanimno. Walipotuma matokeo yao kwenye jarida la fizikia, waandaaji wa jarida waliidhania nukta ile kuwa uchafu wa picha, wakaifuta. Makala ikachapishwa ikiwa na mshale unaoelekeza mahali pasipo na kitu.

Nukta hiyo iliyofutwa imo leo katika kliniki za macho. Leza nyingi za kijani tunazotumia kutibu retina ya wagonjwa wa kisukari huanza na mwanga wa nanomita 1064, wa aina ya infraredi, ambao jicho halioni. Mwanga huo hupitishwa katika fuwele maalumu, nusu ya urefu wa wimbi hukatwa, na hutoka mwanga wa kijani wa nanomita 532. Rangi hiyo hunyonywa vizuri na damu na na rangi nyeusi iliyo chini ya retina, hivyo inafaa kuunguza sehemu za retina zinazochochea mishipa mibovu kuota. Utafiti mkubwa uliofanyika Marekani katika miaka ya 1970, kwa leza na taa za wakati huo, ulionyesha kwamba kutibu retina kwa mwanga hupunguza kwa nusu au zaidi hatari ya kupoteza uwezo wa kuona kwa kiwango kikubwa, kwa wagonjwa wenye mishipa ya namna hiyo. Fuwele ilitupa njia imara ya kupata rangi inayofaa kwa kazi hiyo.

Kidole kimoja hakivunji chawa

Sasa turudi kwa mzee na swali lake. Mwanga husafiri kwa chembechembe ziitwazo fotoni. Kitu huwa angavu kwa mwanga fulani kwa sababu fotoni moja ya mwanga huo haina nishati ya kutosha kuing'oa elektroni mahali ilipo. Fotoni hupita na kwenda zake. Ukipeleka fotoni bilioni moja, moja baada ya nyingine, zote zitapita vilevile.

Lakini wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Mwaka 1931 mwanafizikia Maria Göppert-Mayer, katika kazi yake ya udaktari wa falsafa aliyoifanyia Göttingen, Ujerumani, alionyesha kwa hesabu kwamba fotoni mbili zikifika kwa elektroni moja kwa wakati mmoja, zinaweza kuunganisha nishati zao na kufanya jambo ambalo hakuna hata moja kati yake ingeliweza. Uwezekano wa kukutana hivyo ni mdogo mno katika mwanga wa kawaida, na kwa miaka 30 hesabu yake ilibaki kwenye karatasi. Leza ilipokuja, jambo hilo lilithibitishwa katika mwaka uleule wa 1961.

Matokeo ya ushirikiano huo hayaongezeki kwa mstari. Kwa fotoni mbili, mwanga ukiongezwa mara mbili, matokeo huongezeka mara nne; ukiongezwa mara kumi, huongezeka mara mia. Zikihitajika fotoni tano au zaidi kwa pamoja, kama ilivyo kwa mwanga wa infraredi ndani ya jicho, matokeo ni kama hayapo kabisa chini ya kizingiti fulani, kisha hulipuka ghafla juu yake. Elektroni chache zikishang'oka, nazo hupata nishati zaidi kutoka kwenye mwanga na kuzigonga nyingine, kama moto wa nyika unaoanza kwa cheche. Kwa muda mfupi sana hutokea nukta ya plazima. Tusiichanganye na plazima ya damu; hapa tunasema hali ya maada ambamo elektroni zimeachana na atomu zake. Nukta hiyo hupanuka kwa kishindo kidogo na kuuchana utando. Kitu kilichokuwa angavu kimeacha kuwa angavu, mahali pamoja tu, kwa sababu ya ukali wa mwanga wenyewe.

Tazama hesabu yake. Pigo moja la leza ya YAG tunayotumia kwa kazi hii huweza kuwa na nishati ya milijuli 1, inayotosha kuinua punje nne hivi za mchele hadi kimo cha mita moja. Ni kidogo sana. Lakini nishati hiyo hutolewa ndani ya sehemu chache za bilioni za sekunde. Ikitolewa ndani ya nne, nguvu yake kwa kitambo hicho hufikia wati 250,000. Ikikusanywa katika nukta yenye upana wa sehemu moja ya mia ya milimita, ukali wake hupita wati bilioni 300 kwa kila sentimita mraba. Jua la mchana hutupa takriban sehemu moja ya kumi ya wati kwa eneo kama hilo. Katika nukta ile, kwa kitambo kile, mwanga ni mkali kuliko jua kwa mara takriban trilioni tatu.

Hili ndilo jibu la fundi wetu. Mwanga huingia jichoni ukiwa na umbo la pia, mpana mbele na mwembamba nyuma. Penye konea upana wake unaweza kuwa mara mia ya ule wa kwenye ncha, na kwa hiyo ukali wake ni mdogo kwa mara kama elfu kumi. Hapo upo chini ya kizingiti, na konea huupitisha kama inavyoupitisha mwanga wa taa. Ni kwenye ncha tu ambapo kizingiti huvukwa. Baada ya ncha mwanga hutawanyika tena, na sehemu yake huzuiwa na plazima yenyewe, hivyo hufika kwenye retina ukiwa umepungua makali.

Utaona pia kwa nini tunamwomba mgonjwa atulize kichwa na jicho. Lenzi bandia iko karibu sana na utando, na ncha ikikosea kidogo huweza kuacha alama ndogo kwenye lenzi. Ndiyo maana daktari hulenga kwa nyuma kidogo ya utando na huanza na nishati ndogo. Tiba hii ilianza kutumika karibu na mwaka 1980, kupitia kazi za Danièle Aron-Rosa huko Paris na Franz Fankhauser huko Bern. Kabla yake, utando ulikatwa kwa sindano au kisu kilichoingizwa ndani ya jicho, pamoja na hatari zote za kulifungua.

Mapigo mafupi zaidi

Kizingiti huvukwa kwa ukali wa mwanga, na ukali unaweza kupatikana kwa nishati ndogo zaidi iwapo pigo litakuwa fupi zaidi. Mwaka 1985 Donna Strickland na Gérard Mourou, wakiwa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walibuni mbinu ya kulirefusha pigo la leza, kulikuza, kisha kulibana tena liwe fupi na kali mno. Mbinu hiyo iliwapatia sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2018. Strickland alikuwa mwanamke wa tatu kuipata tuzo ya fizikia, baada ya Marie Curie na Maria Göppert-Mayer, ambaye yeye aliipata mwaka 1963 kwa kazi yake juu ya kiini cha atomu.

Leza za namna hii hupiga kwa muda unaohesabiwa kwa femtosekunde. Kama femtosekunde moja ingekuwa ndefu kama sekunde, basi sekunde yetu ya kawaida ingedumu zaidi ya miaka milioni 31. Katika miaka ya 1990, katika maabara ya Chuo Kikuu cha Michigan, mwanga wa leza hiyo ulimwingia jichoni kwa bahati mbaya mwanafunzi mmoja. Daktari wa macho aliyempokea, Ron Kurtz, aliona kwamba majeraha kwenye retina yalikuwa madogo na yenye kingo safi kuliko alivyowahi kuona. Kutokana na ajali hiyo kulizaliwa ushirikiano wa madaktari na wanafizikia, na mwanzoni mwa karne hii leza ya femtosekunde ilianza kukata tabaka la konea mahali pa kisu katika upasuaji wa kuwaondolea watu miwani.

Kalamu ya kijani mikononi mwa watoto

Kuna upande wa pili. Kalamu nyingi za leza ya kijani zinazouzwa kama vitu vya kuchezea au vya kuonyeshea ubaoni hufanya kazi kwa kanuni ileile ya nukta iliyofutwa. Ndani yake mna mwanga wa infraredi unaopitishwa katika fuwele ili utoke kijani. Si mwanga wote unaobadilika. Unaosalia hutakiwa kuzuiwa na kichujio, na katika baadhi ya kalamu za bei nafuu kichujio hicho hakipo. Mwaka 2010 watafiti wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, walieleza kuhusu kalamu moja ya namna hiyo iliyotoa mwanga wa infraredi mwingi kuliko wa kijani.

Hatari yake inatokana na namna jicho linavyojilinda. Mwanga mkali unaoonekana hutufanya tufumbe macho ndani ya robo ya sekunde hivi. Infraredi haionekani, kwa hiyo haituamshi kufumba, lakini hupita konea na lenzi na kukusanywa kwenye retina. Kovu likitokea katikati ya retina, kwenye sehemu iitwayo makula, mtoto hupoteza uwezo wa kusoma kwa jicho hilo, na hatuna dawa ya kumrudishia. Hata kalamu yenye kichujio, ikiwa na nguvu kubwa kuliko inavyotakiwa, huunguza. Kalamu ya leza isielekezwe usoni mwa mtu, wala kwenye kioo cha kujitazamia kinachorudisha mwanga.

Kwa mhudumu wa afya na kwa mgonjwa

Mgonjwa aliyewahi kuondolewa mtoto wa jicho akija akilalamika ukungu, usimwambie kwamba amerudi, wala usimwambie kwamba ni uzee. Mpime uwezo wa kuona kwa kila jicho, kisha mpe rufaa kwenda hospitali yenye daktari wa macho na leza ya YAG. Mashine hizi hazipo kila wilaya. Mweleze safari ni ya nini, ili asiiogope. Ukungu unaoambatana na maumivu, wekundu au kupungua ghafla kwa uwezo wa kuona ni jambo jingine, na rufaa yake ni ya siku hiyohiyo.

Mwambie mgonjwa kwamba atatiwa matone ya kupanua mboni, kwa hiyo asiendeshe chombo siku hiyo na aje na mtu wa kumsindikiza. Atakaa mbele ya mashine kama ile ya kupimia macho, atasikia mlio mdogo kila pigo linapotoka, na kwa kawaida hatasikia maumivu. Presha ya jicho huweza kupanda kwa saa chache. Mwenye ugonjwa wa presha ya macho aseme mapema. Vidoa vinavyoelea kwa siku kadhaa ni vya kawaida. Lakini akiona mimeto ya mwanga, vidoa vingi vipya kwa ghafla, au kivuli kama pazia linaloshuka, arudi hospitali bila kungoja miadi, kwa kuwa hizo ni dalili za retina kuachia, tatizo ambalo hutokea kwa wachache baada ya tiba hii.

Mzee mshonaji alitibiwa siku ileile. Aliporudi baada ya wiki moja, alitoa mfukoni kibunda cha uzi na sindano, akautunga uzi mbele yangu, akakaa kimya kwa muda. Kisha akasema, "Miezi minane, daktari."

Leza iliyomtibu ilikuwepo hospitalini katika miezi yote hiyo minane, na nauli ya kuifikia hakuikosa. Kilichomzuia ni neno moja aliloambiwa na watu waliomtakia mema: "amerudi." Neno hilo tunaweza kulisahihisha kila mmoja wetu, katika zahanati yoyote, bila mashine.